MCHEZO MGUMU, NA MSAADA ULIOFICHWA

Maoni ya Doyen wa wanafunzi



Katika namba iliyopita ya gazeti letu niliandika juu ya ndoo za maji zinazopotea na juu ya wale wanaokimbia salongo ya siku ya posho. Wengi walisema: «Doyen anajua tu kulalamika.» Basi leo naandika juu ya mchezo. Lakini msifurahi mbio, kwa maana mwisho wa habari hii mwenye kosa ni mimi.

Habari yenyewe mnaijua. Tangu tulipotoka likizo ya Pasaka, nyumba mbili za bweni hazipatani juu ya mashini moja ndogo ya kucheza. Hata wale ambao hawajaigusa wako na maoni. Watu wanabishana kwenye kisima, wanabishana jikoni, wanabishana mpaka kengele ya etide inapigwa na bado wanabishana kwa macho. Siku moja waligusana hata ngumi. Walimu wengine wamesikia neno «Zero» likirudiwa mara nyingi, wakafikiri ni habari ya interro ya Algebra. Hapana. Zero ni jina la mtu. Niruhusuni nieleze kwanza, kisha nitatoa maoni.

MASHINI NA MCHEZO

Mashini inaitwa Game Boy Advance. Kampuni Nintendo ya Japani iliitoa mwaka 2001, maana yake ilizaliwa mbele yangu mimi ninayeandika. Mdogo wetu mmoja wa bweni aliipewa na shangazi yake aliye Ubelgiji. Inatosha katika mikono miwili. Haina taa ndani ya kioo, kwa hiyo gizani huoni kitu. Haichajiwi kama telefone. Inakula mabuye mawili madogo, yale tunayotia katika saa ya ukuta.

Mchezo ulio ndani ni Mega Man Zero 2. Kwao Japani unaitwa Rockman Zero 2. Kampuni Capcom iliuza mchezo huo mwaka 2003, lakini waliotengeneza ni nyumba nyingine iitwayo Inti Creates, iliyoanzishwa mwaka 1996 na watu waliotoka Capcom. Huu ni mdogo wa mchezo wa kwanza uliotoka mwaka 2002. Ukoo wenyewe ni wa zamani, kwani Mega Man wa kwanza kabisa alitoka mwaka 1987.

Zero ni askari wa chuma, mavazi mekundu, nywele ndefu za manjano. Ukifungua mchezo unamkuta jangwani, peke yake, amejifunika kitambaa kilichochakaa. Amepigana mwaka mzima bila kupumzika. Mbele yake kuna nge mkubwa wa chuma. Ukimshinda yule nge, Zero anaanguka kwa uchovu, na anayemwokota ni adui yake, Harpuia, ambaye anamwacha karibu na kambi ya rafiki zake. Kuanzia pale unapewa kazi moja moja: kuvuka msitu, kuingia nyumba ya barafu, na kadhalika. Mwisho wa kila kazi kuna mkubwa mmoja wa kupigana naye. Silaha ni nne: upanga, bunduki, ngao inayorushwa na kurudi, na mnyororo wa kuvutia vitu na kuning'inia juu ya shimo.

Sasa sikilizeni jambo ambalo ndilo lilileta ugomvi. Ukimaliza kazi, mchezo unakupigia hesabu kama mwalimu: ulitumia muda gani, uliumizwa mara ngapi, uliangusha adui wangapi. Kisha unapewa herufi. Juu kabisa ni S, halafu A, B, na kushuka mpaka F. Kweli ni buletini ya pointi!

Na tena kuna vitu vidogo vinavyong'aa, ambavyo katika Kiingereza vinaitwa Cyber-elf, lakini sisi hapa bwenini tunaviita vimulimuli. Unavikuta njiani. Vingi havifanyi kazi mpaka umevilisha kristali, na kristali zenyewe unaziokota kidogo kidogo. Kimulimuli kimoja kinakurudishia uzima, kingine kinapigana kando yako, kingine kinaharibu mashini za adui. Lakini kuna mambo mawili. La kwanza: ukitumia kimulimuli, pointi zako zinashuka. La pili: kikishakusaidia kinakufa. Hakirudi.

MAONI YA WACHEZAJI

Nimeuliza wote waliocheza. Maoni yao ni ya namna nne.

Wa kwanza ni wale wanaosema mchezo huu ni wa uonevu. Mwenzangu mmoja wa Biologie-Chimie, ambaye ndiye wa kwanza katika darasa lake na hajazoea kushindwa, aliniambia hivi: «Doyen, ile mchezo haiko ya batu. Unaruka, unakufa. Unakimbia, unakufa. Unasimama, banakufuata, unakufa.» Nikamwambia aeleze kama mtu wa sayansi. Akaeleza vizuri. Kioo cha mashini hii ni kidogo: vidoto 240 kwa upana na 160 kwa urefu. Zero anakimbia sana. Kwa hiyo ukimkimbiza, adui anatokea mbele ya pua yako, na risasi inatoka mahali ambapo hukuweza kuona. Hapo huwezi kusema mtoto hakusoma somo, kwa maana somo halikuandikwa ubaoni. Tena miiba: ukiigusa mara moja, umekwisha, hata kama uzima wako ulikuwa umejaa. Na mnyororo! Watu wengi wanachukia kuning'inia na mnyororo juu ya shimo kuliko kupigana na mkubwa ye yote.

Wa pili ni wale wanaosema utamu wa mchezo ni ugumu wake. Hao wanakaa nyumba ya pili ya bweni na wanajivuna sana. Wanasema mchezo wa kwanza wa 2002 ulikuwa mgumu pia, na huu mdogo wake umerekebisha mengi. Silaha zinakua mbio zaidi. Tena kuna zawadi: ukiingia kazini ukiwa na herufi ya A au S, yule mkubwa wa mwisho anaongeza pigo moja ambalo kwa wengine halitumii, na ukimshinda unajifunza ustadi wake. «Kama unataka vitu vitamu, lipa,» wanasema. Kwao, anayetumia vimulimuli ni mwizi wa pointi.

Wa tatu ni mwenye mashini mwenyewe. Yeye ni mtoto mpole wa darasa la chini, mikono yake si ya haraka. Alicheza kwa vimulimuli. Tangu Pasaka aliokota kristali, akalisha vimulimuli vyake kimoja kimoja, akaandika majina yao kwenye jalada la kaye ya Géographie. Akifika mahali pa kumshinda anatumia kimoja. Alipata herufi ya D, mara E. Nyumba ya pili wakamwita «Monsieur E». Aliwajibu: «Miye nilipita. Nyinyi muko na A ya kazi moja, miye niko na E ya kazi tano. Nani iko mbele?» Jibu lile ndilo lililoleta ngumi.

Wa nne ni dada mmoja wa wale wanaotoka nyumbani kila asubuhi. Aliicheza saa ya rekreasyon tu, chini ya mti, penye mwanga mzuri. Nilishangaa kuona kwamba huyu ndiye anayeshinda wote, lakini hapigi kelele. Yeye hakimbii. Anatembea, anasimama, anatazama. Ana karatasi alimochora kila njia: hapa miiba, hapa adui anatoka juu, hapa ruka mbele ya kuona. Akifa haongei; anachukua stilo na kuandika alikufa wapi. Nilimwuliza juu ya risasi zinazotoka nje ya kioo, kama si uonevu. Akasema: «Mara ya kwanza ni uonevu. Mara ya pili ni mimi nilisahau.»

KOSA LANGU

Siku ya zile ngumi nilifanya kazi yangu. Sheria ya bweni inasema: kitu kinacholeta ugomvi kinachukuliwa na Doyen, kinawekwa siku saba, kisha kinarudishwa. Nilichukua mashini, nikaifunga katika sanduku langu. Wote walisema nimefanya vema.

Usiku ule, taa za bweni zilipozimwa, nilifungua sanduku. Nilisema moyoni: nitazame tu, ili nijue ninachohukumu. Nikawasha taa yangu ndogo ya kusomea, ambayo shule inampa Doyen kwa ajili ya kuandika ripoti, nikaiinamisha juu ya kioo. Nikaingia nyumba ya barafu. Mkubwa wa pale ni dubu mweupe aitwaye Poler Kamrous. Alinipiga. Nikarudia. Akanipiga tena. Usiku wa pili vilevile. Usiku wa tatu nilikuwa na hasira ya mtu ambaye wadogo wanamheshimu mchana na dubu anamdharau usiku. Nikafungua orodha ya vimulimuli vya yule mtoto. Nikatumia kimoja. Kisha kingine. Vyote vitano. Dubu akaanguka. Nikahifadhi kazi, nikalala vizuri.

Kesho yake mezani, mbele ya bugali na sombe, vijana wa nyumba ya pili walikuwa wanasema hakuna mtu wa nyumba ya kwanza anayeweza kumwangusha yule dubu. Mimi nikasema: «Mimi nilimwangusha. Mikono mitupu.» Wakanipigia makofi. Hakuna aliyeuliza nilicheza saa ngapi, wala kwa ruhusa ya nani. Ndiyo faida ya kuwa Doyen, na ndiyo hatari yake.

Siku ya saba nilirudisha mashini. Jioni mtoto akaja mlangoni kwangu na kaye yake ya Géographie. «Yaya Doyen, vimulimuli vyangu vitano viko wapi?» Nilijibu kwamba mashini ni nzee na inasahau. Akanitazama. Mchezo ule hausahau, naye alijua hivyo kuliko mimi. Akasema «Aksanti, yaya», akaenda. Hakwenda kwa Bwana Prefe. Hakumwambia mtu.

Zikapita siku kumi na mbili. Kisha, katika etide, nilimkuta kijana wa mwaka wa kwanza wa humanités akitazama karatasi ya jirani yake katika interro ya Kifaransa. Niliandika jina lake katika kaye ya makosa. Akakatwa pointi kumi za mwenendo. Alipokuwa anaondoka hakulia, alisema tu: «Ni kweli, Doyen, nilitazama.» Neno moja tu, la kweli, na mimi sikuweza kulisema. Usiku ule sikulala.

Basi nilikwenda kwa Bwana Prefe, nikamwomba kaye ya makosa, nikaandika jina langu mwenyewe kwa mkono wangu: kutumia kitu cha mwingine, kutumia taa ya shule kwa mchezo, kusema uwongo mara mbili. Bwana Prefe alisoma, akanikata pointi kumi na tano, akaniambia kwamba kama nitabaki Doyen au sitabaki, ni kamati ya walimu itakayosema. Nikaomba ruhusa ya kuandika habari hii katika gazeti, nayo nimepewa. Siandiki ili kamati inihurumie. Ninaandika kwa sababu nilisema uwongo mezani mbele ya watu wengi, na mlangoni kwa Bwana Prefe nilikuwa nimeungama mbele ya mtu mmoja tu.

JE, KUSAIDIWA NI AIBU?

Sasa natoa maoni yangu.

Kwanza: ugumu si wa namna moja. Kuna ugumu unaofundisha na ugumu unaopiga tu. Dubu wa barafu ni mgumu wa namna ya kwanza. Kila pigo lake lina ishara mbele yake. Ukiitambua ishara unaruka. Unaposhindwa unajua ulishindwa wapi. Lakini risasi inayotoka nje ya kioo, na kazi ya kupiga adui wadogo mara mamia ili silaha ikue, hiyo ni ugumu wa bure. Haikuongezei akili, inakula tu mabuye. Watengenezaji wenyewe walikuja kuona jambo hili. Mchezo wa tatu uliotoka mwaka 2004 uliondoa ile kazi ya kukuza silaha, ukaleta na vimulimuli ambavyo unaweza kutembea navyo bila kukatwa pointi na bila kufa. Mwaka 2010 michezo yote minne ilikusanywa pamoja kwa mashini Nintendo DS, na ndani yake kukawa na njia rahisi kwa wasio na mikono ya haraka. Mwaka 2020 ikakusanywa tena, pamoja na ndugu zake wawili waitwao ZX, na humo njia nyepesi ipo tena, hata alama za kuhifadhi katikati ya safari, ili ukifa usirudi mwanzo kabisa.

Je, njia hizo nyepesi ziliharibu mchezo? Hapana. Anayependa miiba bado yuko na miiba yake. Hakuna mtu aliyenyang'anywa herufi S kwa sababu mwingine alipita na E. Nyumba ya pili, nisikieni vizuri hapo.

Pili: naona mchezo huu uko na kosa moja kubwa kuliko kioo kidogo. Ni ile sheria ya ustadi mpya. Anayepata A au S anaongezewa silaha. Anayepata D au E, ambaye ndiye anayehitaji msaada, haongezewi kitu. Mwenye nguvu anazidi, mnyonge anabaki palepale. Wenzangu, msicheke Wajapani. Hapa kwetu ni nani anayekaa karibu na ubao? Ni nani anayepewa kitabu cha Physique pakiwa na vitabu vinne kwa watoto arobaini? Ni wale ambao wako na pointi tayari. Sisemi walimu wanafanya kwa ubaya. Nasema sisi wakubwa wa darasa tunagawanya vitabu, na tunagawanya kama mchezo ule.

Tatu, na ndilo neno langu kubwa: katika Mega Man Zero 2 msaada si aibu, kwa sababu haujificha. Yule mtoto alitumia vimulimuli, mchezo ukaandika, herufi ikashuka, akaikubali. E yake ni E ya kweli. Kila mtu anaweza kuisoma na kujua alivyopita. Mimi nilitumia vilevile, tena vya mtu mwingine, na nikasema ni mikono mitupu. A ya uwongo ni chini ya F. Kwa hiyo yule aliyeitwa mwizi wa pointi hakuiba kitu. Mwizi alikuwa anakula meza moja nanyi na kupigiwa makofi.

Wale ambao walifuata hadithi yenyewe watakumbuka Elpizo, kiongozi mpya wa kambi ya Zero. Pasta wetu anayefundisha Dini aliniambia kwamba neno hilo ni Kigiriki, lile lile linalotumiwa katika Agano Jipya, na maana yake ni «ninatumaini». Jina zuri. Lakini Elpizo alituma watu wake vitani mbio mbio, wakashindwa, na kwa aibu ya kushindwa akaanza kutafuta nguvu ya njia ya mkato, nguvu ya kimulimuli cheusi ambacho wakubwa wa zamani walikuwa wamekifunga. Aliipata. Nayo ikamharibu, yeye pamoja na kile alichotaka kuokoa. Mara ya kwanza nilipoona hadithi ile nilifikiri ni ya watoto. Sasa naona kwamba Elpizo hakuanguka siku aliyoshindwa. Alianguka siku aliyokataa kusema «nimeshindwa».

TUNAELEKEA MTIHANI

Kwa nini nasema haya yote sasa? Kwa sababu sisi wa mwaka wa mwisho tunaelekea mtihani wa Serikali. Ni nani hapa ambaye hajasikia maneno yanayotembea usiku: kuna mtu wa mjini atauza majibu, kila mmoja atoe feza, telefone ifichwe katika soksi? Wanasema: «Mtihani uko nguvu sana, bila hivyo hatupiti.» Ndiyo, uko nguvu. Na pengine kuna maswali ambayo ni kama risasi ya nje ya kioo, hakuna aliyetufundisha. Sitawaambia uwongo kwamba kila kitu ni haki. Lakini tazameni tofauti. Kuomba mkubwa akueleze Kemia jioni ni kulisha kimulimuli. Kunakuchosha, kunamchosha naye, na kila mtu anaona. Kununua karatasi ni kutumia kimulimuli cha mwingine gizani, kisha kupiga kifua mezani. Diploma ya 50 kwa mia uliyoitoka jasho, unaweza kuiweka ukutani na kulala. Nyingine itakutazama kila usiku kama yule mtoto alivyonitazama.

Kwa hiyo naleta maombi manne, na nimeyapeleka pia kwa Bwana Prefe.

La kwanza: mashini ikae ofisini, itolewe siku ya posho kutoka saa nane mpaka saa kumi na moja, chini ya mti, kwa zamu. Mwenye mashini akikubali, maana ni yake. Akikataa, basi, tusimsumbue. Kila anayecheza alete sehemu yake ya feza ya mabuye.

La pili: kila anayecheza aandike njia yake katika kaye moja ya wote, kama dada yule anavyofanya. Alikufa wapi, alipita namna gani, alitumia vimulimuli vingapi. Asiwepo wa kumcheka mwenye E.

La tatu: vitabu vya Physique na Kemia vianze kugawanywa kutoka kwa wale wa mwisho katika pointi. Sisi tulio mbele tutasoma baada yao, au tutasoma pamoja nao, ambayo ni vizuri zaidi.

La ine: sisi wa mwaka wa mwisho, kila mmoja achukue mdogo mmoja katika etide mpaka siku ya mtihani. Majina yabandikwe mlangoni, ili msaada uonekane.

Nilimwendea yule mtoto mbele ya kuandika karatasi hii. Nilimwomba msamaha, nikamwambia nitatumia zamu zangu zote za siku ya posho kumwokotea kristali mpaka nimrudishie vimulimuli vyake vitano. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanisahihisha kama mwalimu: «Yaya, bile bilishakufa. Habirudi. Lakini nisaidie nilishe bingine.»

Nimekubali. Siku ya posho mtanikuta chini ya mti, naokota kristali za mtu mwingine. Njooni muone, na kama nikipata F, semeni F.

Anayeona tofauti na mimi aandike. Karatasi zipelekwe kwa mwandishi wa gazeti mbele ya siku ya tano, kwa maana stensili zinapigwa jioni ile.

Wenu,

Doyen wa wanafunzi (mpaka kamati itakaposema),
mwaka wa mwisho, Littéraire